Kabla ya Kabati la Vioo: Watu wa Pwani Walivyopamba Nyumba Zao, Mwenye Kasri na Mwenye Chumba Kimoja

Ingia sebule yoyote ya uswahilini, iwe Tandika, iwe Tanga, iwe Majengo ya Mombasa, utaliona tu. Kabati la vioo. Ndani yake kuna vikombe vya maua, sahani ambazo hazijawahi kuonja mchuzi, birika lenye ukingo wa rangi ya dhahabu na jagi lenye glasi zake sita. Watoto wa nyumba hiyo wanakunywa chai kwenye vikombe vya plastiki. Vile vya kabatini vinamsubiri mgeni, ambaye labda atakuja Idi, labda hatakuja kabisa.

Vijana wa siku hizi wanalicheka sana kabati hili. Wanaona ni ushamba, wao wanataka ukuta mweupe na taa za rangi zilizofichwa darini. Sawa, kila mtu na macho yake. Ila kabati hilo lina ukoo mrefu, wadau, na kwenye ukoo huo kuna jambo ambalo halichekeshi: nani aliruhusiwa kupamba nyumba yake, na nani alikuwa fundi wa kupamba za wenzake tu.

Mambo yanaanzia Lamu. Nyumba za mawe zinazosifika pale, zile zilizoufanya mji wa kale uingizwe kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, nyingi ni za karne ya 18. Kwa nje hazina makuu. Ukuta wa mawe, daka lenye baraza za kukalia, mlango, basi. Ukipita haraka unaweza kudhani wenyewe walikuwa mabahili. Ukiingia ndani ndipo unashika mdomo. Unapita kiwanda, yaani ua wa katikati usio na paa, kisha msana, kisha unafika chumba cha faragha kinachoitwa ndani. Hapo ukuta mzima umejaa vishubaka vidogo vya chokaa, safu juu ya safu, vimechongwa nakshi kuanzia chini hadi karibu na dari. Kwa Kiamu huitwa zidaka. Sehemu nyingine husema vidaka.

Vidaka vilikuwa kabati la vioo la zama zile. Humo ziliwekwa sahani na bakuli za kaure kutoka China, ambazo zilifika na majahazi ya biashara kwa kupitia India na Ghuba. Chumba chenyewe kilikuwa chembamba. Dari ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti hazivuki sana mita 3, kwa hiyo hata tajiri wa kutupwa hakuweza kuwa na sebule pana. Akarefusha chumba badala ya kukipanua. Vile vishubaka vikaufanya ukuta wa mwisho uonekane uko mbali kuliko ulivyo, na chokaa nyeupe ikasambaza mwanga mdogo uliotoka uani. Yaani mbinu ambayo leo mtu anauziwa kwa pesa ndefu na mpambaji mwenye kompyuta, fundi wa Lamu alikuwa nayo miaka 250 iliyopita.

Na halikuwa pambo tupu. Huko nyuma ya nyumba ndiko watoto walikozaliwa na ndiko maiti walikooshewa. Kuna watafiti walioandika kwamba vidaka na kaure vilihesabiwa pia kama kinga ya nyumba: jicho baya liishie kwenye sahani, lisimfikie mtoto. Baba mwenye uwezo alimjengea binti yake sehemu mpya binti alipoolewa, mara nyingi kwa kupandisha ghorofa. Ukihesabu ghorofa za nyumba fulani unaweza kukisia habari za mabinti wa ukoo ule.

Kaure hazikuishia kwa walio hai. Pale Kunduchi, Dar es Salaam, kuna makaburi ya karne ya 18 yenye nguzo zilizopachikwa sahani za Kichina. Sahani nyingi zimeng'olewa, yamebaki matundu ya mviringo. Watu wanapita hapo wakielekea ufukweni, wala hawageuki kuangalia.

Sasa ije ile sehemu isiyochekesha.

Chokaa ile nyeupe haikudondoka mbinguni. Matumbawe yalikatwa, yakabebwa, yakapangwa juu ya rundo kubwa la kuni na kuchomwa hadi yawe unga. Ile nakshi laini ilihitaji matumbawe yaliyotolewa baharini yakiwa bado mabichi, kwa sababu ni laini kuchonga na yakikaa hewani yanakuwa magumu. Ni kazi ya jua, chumvi na moshi. Sehemu kubwa ya kazi nzito za namna hiyo ilifanywa na watumwa. Na hao waliochoma chokaa hawakuwa na njia ya kuipaka kwao. Katika miji kama Lamu, kujenga kwa mawe kulikuwa haki ya waungwana, wenye mji. Mtumwa, na mara nyingi hata mgeni aliyehamia juzi, alikaa kwenye nyumba ya miti na udongo yenye paa la makuti. Kwa hiyo nyumba ilikuwa inasema ukoo kabla mwenyewe hajafungua kinywa.

Mtu aliyeuona upande wa pili wa utukufu huo ni mshairi mmoja wa Lamu, aliyetunga Al-Inkishafi. Alikuwa akiutazama mji wa Pate, uliokuwa tajiri kisha ukaanguka. Katika shairi hilo anataja vile vidaka vya sahani, na anasema sasa makinda ya ndege ndiyo yanayolala humo. Angeweza kutaja majeshi au hazina. Akachagua pambo la ukutani, kwa sababu wasomaji wake walijua vizuri kidaka kitupu maana yake nini.

Unguja mambo yalibadilika kidogo. Karne ya 19 Sultani wa Omani alihamishia makao yake huko, mashamba ya karafuu yakaenea, meli za Wamarekani, Waingereza na Wajerumani zikajaa bandarini. Pambo likatoka ndani likaja mlangoni. Milango ya Mji Mkongwe ile ya kuchonga ndiyo hiyo. Ya zamani zaidi ina kizingiti cha juu kilichonyooka, na ile yenye upinde juu ilikuja na ladha ya Kihindi, maana mafundi na wateja wengi walikuwa na asili ya huko. Njumu za shaba zilipigiliwa kwenye ubao. Msafiri mmoja Mwingereza aliyepita Unguja aliandika, kwa kejeli kidogo, kwamba kadiri mlango ulivyokuwa mkubwa na kufuli lake zito, ndivyo heshima ya mwenye nyumba ilivyozidi. Alicheka, lakini kwao Uingereza si walikuwa na mageti?

Ndani ya majumba hayo vidaka viliendelea kuwepo, ila vikapata majirani. Binti mmoja wa Sultani, aliyeondoka Unguja akaolewa na Mjerumani, alichapisha kumbukumbu zake mwaka 1886. Anaeleza vyumba ambavyo kuta zake zilikuwa na mashubaka ya kupangia vyombo bora vya kioo na kaure, na katikati yake vioo virefu vya kujitazamia vilivyoagizwa Ulaya, pamoja na saa. Hebu pata picha: chumba cha mwanamke ambaye hakuruhusiwa kutoka hovyo mchana, kimejaa vioo. Kaure ya China, kioo cha Ulaya, kitanda cha kuchonga kutoka India, zulia la Uajemi. Wale wanaosema kuchanganya mitindo ni mambo ya kisasa, wamechelewa.

Wakati huohuo, ng'ambo ya mkono wa bahari uliokuwa ukiutenga Mji Mkongwe, palikuwa na mtaa ambao mpaka leo jina lake ni hilohilo: Ng'ambo. Ulikuwa mtaa wa nyumba za udongo, wa wachukuzi, mafundi, wavuvi, watumwa na walioachwa huru. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja mwaka 1897, pwani ya Kenya mwaka 1907, Tanganyika mwaka 1922. Walioachwa huru hawakupewa nyumba wala mashamba. Walichokipata ni ruhusa ya kuonekana, nao waliitumia ipasavyo. Wanawake waliokuwa wakivaa kaniki nyeusi na merikani isiyo na ua wakaanza kununua kanga za rangi. Wanaume waliokuwa wamekatazwa kufunika vichwa mbele ya mabwana wakavaa kofia. Wengi wamesimulia habari hizo kwa upande wa mavazi, lakini hamu ya kuwa na kitu cha urembo unachokimiliki mwenyewe haiwezi kuishia mwilini tu. Inaingia na chumbani.

Chumba cha mtu wa kipato cha chini kilipambwa na nini? Kwanza mkeka. Huu haukuhitaji meli. Ukindu unakatwa, unakaushwa, unatiwa rangi, unasukwa ukili mrefu mwembamba, kisha ukili unashonwa upande kwa upande mpaka unapata mkeka wenye mistari na maua. Mwanamke anaweza kusuka ukili huku anapiga soga, huku anachunga mtoto, huku maharage yako jikoni. Mkeka mzuri haukukanyagwa kila siku, ulikunjwa na kuwekwa pembeni mpaka mgeni aje. (Umeshaanza kuona yale ya kabati?) Pili ni udongo wenyewe: ukuta uliosiribwa vizuri na mkono wenye ujuzi, ukapakwa chokaa pesa ikipatikana, unapendeza kuliko tofali bovu. Tatu ni kanga, ambayo hata leo haichoki kazi. Ikipauka mwilini inakuwa pazia la mlango, ikichanika pazia inakuwa kitambaa cha kufutia meza.

Dar es Salaam ilipokua, ikaja ile nyumba inayoitwa nyumba ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, uani jiko na choo. Kariakoo na Ilala zilijaa nyumba hizo. Kila chumba familia moja. Hapo sanaa ya kupamba ikabanwa ndani ya futi chache. Pazia likagawa kitanda na "sebule". Kurasa za magazeti na kalenda zikawa picha za ukutani, na kalenda ya mwaka uliopita haikutupwa kama picha yake ilikuwa nzuri.

Miaka ya 1950 vilabu vya akina mama vilivyoungwa mkono na serikali ya kikoloni Tanganyika vilifundisha kushona, kufuma na mapishi. Nia yao ilikuwa kutengeneza mke wa nyumbani wa aina ya Kizungu. Akina mama walichukua walichokitaka. Wakachukua uzi na ile sindano yenye kijindoano, wakafuma vitambaa vya kila kitu: cha kochi, cha stuli, cha redio, baadaye cha friji na televisheni. Kochi la mbao lenye magodoro yaliyochakaa likifunikwa vitambaa vyeupe vilivyopigwa pasi, mgeni anaona vitambaa, haoni kochi. Bei yake ni uzi na jioni kadhaa. Miaka ya 1980, vitu vilipoadimika madukani Tanzania, nyumba nyingi hazikuwa na cha kununua hata pesa ikiwepo, ila vitambaa vilikuwepo, vimekaa wima kwa maji ya wanga.

Na kabati la vioo? Limejazwa kidogo kidogo. Vikombe vya mchezo wa vyombo, ambapo kila zamu mmoja anapelekewa seti yake. Sahani za kitchen party. Birika alilotuma shangazi kutoka Uarabuni. Mwanamke anaweza kukuonyesha kila chombo na kukuambia kilikuja na nani, mwaka gani. Waungwana wa Lamu walijaza vidaka kwa faida ya majahazi. Huyu amejaza kabati kwa zamu za mchezo, kikombe kwa kikombe, na hakuna mtu wa kumwambia hana haki.

Leo mzunguko umegeuka tena. Nyumba kadhaa za kale za Lamu zimenunuliwa na wageni kutoka Ulaya, vidaka vimekarabatiwa, na baadhi ya vizazi vya wenye mji wanaishi kwenye nyumba za tofali pembeni. Hoteli za kifahari zinaagiza milango ya kuchonga. Na kwenye nyumba mpya za Mbezi na Kigamboni, mafundi wa jipsamu wanakata vishubaka vya mraba kuzunguka televisheni, wanaficha taa ndogo ndani yake, na mwenye nyumba anaweka chupa mbili za maua ya plastiki. Anauita mtindo wa kisasa kutoka Dubai. Fundi naye anauita hivyohivyo, maana hajawahi kusikia neno kidaka.

Fundi akimaliza kupiga rangi anajipangusa vumbi jeupe, anapokea malipo ya siku, anapanda daladala kurudi kwenye chumba chake cha kupanga. Mkewe ametundika kanga mpya kugawa kitanda na makochi. Juu ya kabati, sahani mbili za maua zimeegemezwa ukutani, na watoto wanajua kabisa kwamba hizo haziguswi.