Masango ya Ugogo

Mwanzoni mwa 1871, Henry Morton Stanley alipokuwa Unguja akifunga mizigo ya kwenda kumtafuta Livingstone, Waarabu waliozoea safari za bara walimshauri achukue frasila 10 za masango, yaani karibu kilo 159 za waya mnene wa shaba nyeupe. Mwenyewe aliandika kwamba huko bara shanga zilishika nafasi ya senti, nguo nafasi ya fedha, na waya, katika nchi za ng'ambo ya Tanganyika, nafasi ya dhahabu. Ushahidi huo unatosha kutufanya tuvitazame upya vikuku na pete za masikio za Wagogo wa katikati ya Tanzania, ambavyo siku hizi huitwa mapambo ya asili tu, kana kwamba vilivaliwa kwa urembo peke yake. Naamini vilikuwa zaidi ya hapo: vilikuwa malipo ya maji, yaliyovaliwa mwilini.

Msafara uliotoka Mpwapwa kuelekea Unyamwezi ulikata kwanza Marenga Mkali, nyika isiyo na maji ya kutegemea, ndipo ukaingia Ugogo ukiwa na kiu. Wapagazi mamia, pamoja na punda wao, waliweza kukausha dimbwi ambalo wenyeji walilitegemea wao na ng'ombe wao hadi mvua irudi. Watemi walidai hongo: nguo, shanga, masango. Richard Burton, aliyepita 1857, na Stanley baada yake, waliyalalamikia madai hayo kwa uchungu. Atakayewatetea wasafiri hao atasema kwamba kiwango hakikuwa na kanuni na kwamba msafiri alicheleweshwa kwa siku kadhaa akibembelezana na mtemi. Ni kweli, na wako watemi waliozidisha. Lakini bei kubwa haifuti haki ya mwenye mali kudai bei. Leo magunia ya mahindi yanayouzwa soko la Kibaigwa, mkoani Dodoma, hutozwa ushuru. Mfanyabiashara atanung'unika juu ya kiasi, ila hatasema ameporwa njiani. Wagogo waliuza kitu adimu kuliko mahindi. Inasikitisha kwamba neno hongo limebaki katika Kiswahili likimaanisha rushwa, na ile maana ya ada ya njia na maji imefifia.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: waya wenyewe ulitoka ng'ambo, basi pambo hilo ni la asili kwa namna gani? Jibu liko mikononi mwa fundi. Unyamwezini, wahunzi waliupasha waya mnene moto ukalainika, wakauchonga ncha, wakaipenyeza katika tundu la chamburo, kile kibao cha chuma chenye matundu, wakauvuta kwa nguvu. Kisha tundu dogo zaidi, na jingine, mpaka ukawa mwembamba kama uzi. Uzi huo ulizungushwa juu ya singa za mkia wa tembo au twiga, mzunguko ukigusana na mzunguko, hata singa zisionekane tena. Huo ndio udodi: bangili nyepesi inayopinda bila kuvunjika, tena zilivaliwa nyingi pamoja mkononi au mguuni. Hakuna meli iliyoshusha udodi Unguja. Zilishusha mizingo ya waya, kama zilivyoshusha merikani, kile kitambaa cha pamba kutoka Marekani, na hakuna anayesema kwamba kanzu iliyoshonwa Lamu kwa kitambaa cha kigeni si kazi ya fundi wa Lamu.

Ugogo waya ulipata pia mahali pake pa pekee, kwenye ndewe za masikio zilizotobolewa na kupanuliwa kidogo kidogo kwa miaka. Sikio la namna hiyo haliandaliwi kwa ajili ya zawadi ya mpita njia mmoja. Linaandaliwa na watu wanaojua kwamba misafara itakuja tena kiangazi kijacho. Ilikuja, mpaka reli ilipofika Dodoma 1910 na mizigo ikaanza kuvuka Ugogo bila mabega ya wapagazi, na bila mtu wa kuomba maji kisimani.