Baiskeli Isiyokwenda Popote: Kutoka Rola Hadi Bluetooth

Nimekuwa kimya majuma mawili, kazi zilinizidi. Leo naweka programu kando niwape historia kidogo, na chanzo chake ni kaka yangu mkubwa anayeishi Minneapolis, Marekani.

Huko kwao Januari barafu hufunika barabara, na kuna siku baridi hufika nyuzi 20 chini ya sifuri. Kaka ana kisukari, na daktari alimshauri aendeshe baiskeli mara nne kwa juma. Wakati wa joto hana taabu. Baridi ikiingia, baiskeli inatundikwa ukutani hadi Aprili na sukari inapanda. Mwaka juzi alinunua treina, yaani kifaa cha kuendeshea baiskeli ndani ya nyumba. Baada ya miezi kumi na minne kampuni iliyokiuza ikafunga programu yake ya simu, na kifaa hakikusikia lugha ya programu nyingine yoyote. Chuma kizima, hakina ufa, lakini kimekufa.

Juzi akanipigia: "Mdogo wangu, wewe ndiye mtu wa tarakilishi. Sitaki kutupa pesa mara ya pili. Ninunue kipi?"

Nilitaka kumjibu kwa sentensi moja nikashindwa. Ikabidi nirudi nyuma zaidi ya miaka mia moja.

Mwanzo ni rola: silinda tatu zinazozunguka ndani ya fremu. Gurudumu la nyuma hukaa juu ya silinda mbili, la mbele juu ya ile ya tatu, na mkanda huunganisha pande zote mbili ili magurudumu yote yazunguke. Hakuna kinachokushika, ukizubaa unaanguka sebuleni. Katika majira ya baridi ya 1900 kuingia 1901, Major Taylor, Mmarekani mweusi aliyekuwa bingwa wa dunia mwaka 1899, alishindana juu ya rola na Charles Murphy katika kumbi za maonyesho za Marekani. Murphy ndiye yule aliyeendesha maili moja kwa sekunde 57.8 nyuma ya gari la moshi mwaka 1899. Watu walilipa kiingilio kutazama wanaume wawili wakikimbizana bila kusogea hata hatua moja!

Shida ya rola ni kwamba ni nyepesi mno kwa miguu. Barabarani adui mkubwa ni upepo. Kwa hivyo baadaye wakaja na fremu inayobana ekseli ya nyuma, tairi ikizungusha feni. Hesabu yake ni nzuri: ukizidisha kasi mara mbili, nguvu ya kusukuma feni huwa karibu mara nane, kama ilivyo kwa upepo wenyewe. Ila kelele! Jirani wa ghorofa ya chini hatakusamehe. Ndipo zikaja zile za sumaku, na zile za mafuta mazito ndani ya kikopo, ambazo ni tulivu zaidi.

Sasa tunafika kwenye uwanja wangu. Miaka ya 1980 kampuni ya RacerMate ya Seattle ilitoa CompuTrainer. Hapa tarakilishi ndiyo iliyoamua uzito wa pedali: mlima ukitokea kwenye skrini, miguu inausikia. Lipo hata toleo lililounganishwa na mashine ya michezo ya Nintendo. Mwaka 2017 RacerMate ikaacha kuitengeneza. Lakini angalieni jambo hili: programu huria iitwayo GoldenCheetah ilikuwa tayari imejifunza kuzungumza na CompuTrainer, kwa hivyo wenye mashine hizo hawakuachwa yatima siku ile.

Mwaka 2012 Wahoo wakatoa KICKR. Unatoa gurudumu la nyuma kabisa na mnyororo unakaa moja kwa moja kwenye giya za mashine. Tairi haiishi na kelele hupungua. Mwaka 2014 ikaja Zwift, dunia ya kuchora ambamo waendeshaji wa nchi mbalimbali hukutana wakiwa nyumbani kwao. Mbegu yake ilikuwa programu aliyoiandika Jon Mayfield kama burudani yake tu. Desemba 2020 shirikisho la baiskeli duniani, UCI, likafanya humo mashindano yake ya kwanza ya dunia ya aina hiyo. Jason Osborne wa Ujerumani na Ashleigh Moolman Pasio wa Afrika Kusini wakashinda.

Funzo langu ni hili. Rola ya zamani ingali inafanya kazi leo ukiipa mkanda mpya. Feni vilevile. Tangu tarakilishi iingie, umri wa kifaa haupimwi tena kwa chuma, unapimwa kwa lugha kinachozungumza. Kuna lugha ya wazi ya Bluetooth iitwayo FTMS ambayo programu nyingi huielewa. Kifaa chenye lugha hiyo, kampuni ikifa leo, kesho utatumia programu nyingine.

Basi nikamwambia kaka aulize maswali matatu dukani. Je, kinazungumza FTMS? Je, ekseli ya baiskeli yako inaingia? Na umeme ukikatika, au intaneti, bado unaweza kukanyaga pedali na kutoka jasho?

Akanyamaza kidogo, halafu akauliza, "Kwa hivyo ile ya feni, ya bei rahisi, nayo ingenitosha?"

Kwa sukari yake, ingetosha. Nilimwambia hivyo. Hakuhitaji milima ya kuchora. Alihitaji kitu kitakachokuwa hai Januari, na Januari inayofuata. Akanunua ya mafuta, ya mitumba, isiyo na waya wala programu. Jumapili alinipigia akitweta, nikasikia gurudumu likivuma nyuma ya sauti yake.

Na mimi niliyekaa wiki nzima nikilinganisha lugha za Bluetooth nilicheka peke yangu.

Tuonane tena panapo majaliwa.