KUKU AKIUMWA NYUMBANI: JINSI YA KUJUA ANAUMWA NINI NA UFANYE NINI

Huku kwetu, kuanzia Kilosa mjini mpaka Mikumi, nyumba nyingi zina kuku watano au kumi wa kienyeji wanaozunguka uani. Kwa kijana ambaye hajapata ajira hao kuku ndio benki: ada ya mdogo wako, nauli, hela ya sabuni. Sasa kuku mmoja akizubaa asubuhi, mtaa mzima unakuwa daktari. Huyu anasema mpe pilipili, yule shubiri, mwingine anamfungulia kapsuli za binadamu.

Leo tuweke mambo sawa. Kitu kikubwa cha kushika ni hiki: kuna magonjwa unaweza kuyatibu nyumbani, na kuna moja linalofagia banda zima ambalo halina dawa. Ukiyachanganya, unapoteza hela na kuku pia. Chukua kalamu uandike kabla dakika zako za kafe hazijaisha.

1. KABLA YA KUMPA CHOCHOTE

Mtenge kwanza. Muweke peke yake kwenye tenga au boksi, kivulini, na maji safi. Wahudumie wazima kwanza, mgonjwa mwisho, halafu nawa mikono kwa sabuni.

Kisha mkague kwa utaratibu:

- Upanga (kile kilemba chekundu kichwani): umepauka? umekuwa wa bluu? una vipele?
- Macho na pua: makamasi, uvimbe, jicho kufunga?
- Kifua: papasa mfupa. Ukikuchoma kama kisu, amekonda muda mrefu, hajaanza kuumwa jana.
- Gole (pale chini ya shingo chakula kinapokaa kwanza): asubuhi kabla hajala linatakiwa liwe tupu.
- Chini ya mbawa na kuzunguka mkundu: wadudu?
- Kinyesi: cha kawaida ni cha kahawia au kijivu chenye ncha nyeupe.

Halafu jiulize maswali matatu. Anaumwa mmoja au wengi? Ameanza lini? Kuna kuku mgeni ameingia wiki hizi mbili?

Angalizo: kuku anayetaka kuatamia hujikunyata, anakula kidogo na anatoa kinyesi kikubwa chenye harufu kali. Huyo haumwi, muache.

2. MDONDO (KIDERI): HUU HAUNA DAWA

Dalili zake: kuku wengi wanazubaa kwa pamoja, wanapumua kwa shida, kinyesi cha kijani cha majimaji, mbawa zinaning'inia, wengine shingo inapinda au wanazunguka hovyo. Vifo vinafuatana, leo wawili kesho wanne. Mara nyingi huvuma wakati wa kiangazi.

Mdondo unaletwa na virusi. Pilipili, mwarobaini, shubiri, antibayotiki, vyote haviui virusi hivyo. Kuku mmojammoja hupona kwa bahati yake, na aliyempa shubiri siku hiyo anaondoka akijua ni shubiri. Ndio maana imani hii haifi.

Hapa ndipo tunapofanya kosa kubwa. Wakianza kufa, watu wanakimbiza waliobaki gulioni wauze chapchap. Mikumi ipo barabara kuu, njia ya kwenda Kilosa inaanzia pale na ya Kidatu na Ifakara pia. Tenga moja la kuku wenye mdondo likipanda basi, jioni ugonjwa umeshafika kwa mtu mwingine ambaye naye anategemea kuku wake kama wewe. Na wewe wa kwako uliupata hivyohivyo.

Cha kufanya: usiuze, usigawe, usinunue wengine. Wafungie waliobaki. Waliokufa wachome moto au wafukie shimo refu mbwa wasifukue, usitupe jalalani wala mtoni. Toa taarifa kwa ofisa mifugo wa kata, kwa sababu vifo vingi vya ghafla vinaweza pia kuwa mafua makali ya ndege, na kwa macho tu huwezi kutofautisha. Kwa hiyo usichinje wagonjwa ukala. Mwombe ofisa akuelekeze pa kupeleka mzoga uliokufa siku hiyohiyo upasuliwe. Morogoro mjini pale SUA wapo wataalamu wa tiba ya wanyama.

3. HAYA UNAWEZA KUYATIBU

Kuhara damu (koksidiosisi). Hupiga zaidi vifaranga wa wiki tatu na kuendelea. Wanajikunyata, manyoya yamesimama, kinyesi kina damu. Dawa ni amproliamu au za salfa, zinachanganywa kwenye maji. Ondoa maranda yaliyolowa, maana ugonjwa unakaa kwenye unyevu. Usipokausha banda utanunua dawa kila mwezi.

Mafua ya kuku. Uso unavimba, makamasi yananuka, jicho linafunga. Safisha macho kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo. Antibayotiki kama oksitetrasaiklini husaidia, ila pata ushauri kwanza.

Ndui. Vipele vinavyokuwa magamba kwenye upanga na kope. Hivi navyo ni virusi, lakini wengi hupona ukiwatunza. Paka ayodini kwenye vidonda, usibandue magamba. Ugonjwa unasambazwa na mbu, kwa hiyo masika kaa macho. Chanjo ipo.

Minyoo. Anakula vizuri lakini anakonda, upanga umepauka, mayai yamepungua. Tumia piperazini au levamisoli, rudia kila miezi mitatu.

Viroboto na utitiri. Viroboto hung'ang'ania usoni kama punje nyeusi: wapake mafuta ya mgando, wanakosa hewa. Utitiri hujificha kwenye nyufa za banda mchana, usiku ndio wanakula. Nyunyiza dawa ya unga ya kuku, choma matandiko ya viota. Usitumie dawa ya pamba au ya mahindi, utaua kuku na mlaji.

Yai kukwama. Anasimama wima, anajikamua, hatoi kitu. Muweke sehemu ya nyuma kwenye maji ya uvuguvugu dakika 15 hivi, paka mafuta ya kula mkunduni, muache mahali penye giza na joto. Usilivunje yai ndani.

4. UKIENDA DUKA LA DAWA ZA MIFUGO

Taja dalili, usitaje dawa. Soma kipimo kwenye pakiti na umalize siku zote hata kama amechangamka siku ya pili. Ukikatisha, vijidudu vinazoea dawa. Angalia pia siku za kusubiri: mayai na nyama visiliwe mpaka siku hizo zipite. Tukila mabaki ya dawa, yanatuathiri sisi.

5. CHANJO NDIO DAWA YA MDONDO

Kwa kuku wa kienyeji ipo chanjo ya I-2, inatengenezwa hapa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari (TVLA). Inavumilia joto kuliko chanjo nyingine, ndio maana inafaa vijijini, ila bado iwekwe mahali pa baridi na isipigwe jua. Unadondosha tone moja kwenye jicho moja, kwa jogoo, tetea na kifaranga, tone ni lilelile. Rudia kila baada ya miezi mitatu. Chanja wazima tu, na ufanye hivyo wiki kadhaa kabla ya msimu wa ugonjwa, maana kinga inahitaji wiki moja mbili kujengeka.

Tatizo ambalo wengi wanalisema: chupa ina dozi za kuku mamia, mimi nina sita, nitaifanyia nini? Jibu ni kuchangishana. Nyumba kumi au ishirini mkiweka hela pamoja, kila mmoja anatoa kidogo sana, mnachanja siku moja mtaa mzima. Na hiyo ndiyo inayofanya kazi, kwa sababu kuku wako na wa jirani wanachakura jalala lilelile. Ukichanja wako peke yako, ugonjwa bado upo hapo nje ya ukuta.

Kwa hiyo leo ukitoka hapo kafe, pita kwa jirani zako watatu uwaulize wana kuku wangapi. Hesabu inaanzia hapo.

Nawasilisha.