Msalaba, Mwezi na Dola: Uhuru wa Dini katika Mwambao wa Ziwa Tanganyika

Katikati ya karne ya 19, Ujiji haikuwa mji wa dini moja. Waha waliomcha Imana, wakiwategemea wateko wao katika mambo ya ardhi na mizimu, waliishi pamoja na Waislamu waliokuja kutoka pwani kwa njia ya Tabora, wakifuata pembe za ndovu na watumwa. Wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke walipofika Februari 1858 walikuta mji wa biashara. Uislamu ulikuwa ukienea kwa ndoa, udugu na soko. Hata baadaye, Mwinyi Kheri alipoushika mji kwa jina la Sultani wa Zanzibar, hapakuwa na sheria iliyomlazimisha Mjiji kusilimu. Lakini uvumilivu huo ulikuwa wa waungwana tu. Mtumwa aliyepitishwa sokoni hakuulizwa dini yake wala jina lake.

Agosti 1878 walifika Ujiji Waprotestanti wa Chama cha Wamisionari cha London, na Januari 1879 wakafuata Mapadri Weupe, shirika la Kikatoliki lililoanzishwa na Askofu Mkuu Charles Lavigerie huko Algiers mwaka 1868. Ardhi na idhini waliziomba kwa watawala Waislamu, ambao waliwashuku kwa kuwa walijua msimamo wao juu ya biashara ya watumwa. Maradhi nayo yalikuwa makali: Thomson wa Chama cha London alizikwa Ujiji mwaka 1878, na Dodgshun mwaka 1879. Mapadri Weupe waliona hawatapata nafasi chini ya kivuli cha liwali, wakavuka kwenda kaskazini hadi Rumonge, katika Burundi ya leo.

Hapo ndipo ilipoanza ndoto kubwa ya zama zile. Lavigerie, aliyekuja kuwa Kardinali, alitamani ufalme wa Kikristo katikati ya Afrika, wenye mtawala wake, sheria zake na silaha zake. Alituma pamoja na mapadri wake askari wa zamani wa Papa. Damu ilimwagika mapema: Mei 1881, kule Rumonge, mapadri Deniaud na Augier waliuawa pamoja na msaidizi wao, D'Hoop. Misheni ilijifunza kwamba Injili bila ulinzi ingezimwa, na somo hilo likaisukuma zaidi kwenye bunduki. Mwaka 1885 ilikabidhiwa ngome mbili za Chama cha Kimataifa cha Afrika, Karema upande wa mashariki na Mpala upande wa magharibi. Mwaka 1887 Léopold Joubert, Mfaransa aliyewahi kumpigania Papa huko Italia, alifika Mpala akaunda jeshi la wenyeji, akaamua mashauri na kupambana na wateka watumwa. Katika vijiji vya misheni, vilivyojaa watu waliokombolewa, sala, kazi na ndoa zote zilikuwa chini ya amri ya padri. Mkombolewa alipata usalama wa kweli, ila hakupata nafasi ya kuchagua.

Ufalme huo haukudumu. Kwanza ulibanwa na nguvu za Rumaliza, aliyeitawala Ujiji na sehemu kubwa ya mwambao wa kaskazini. Kisha mataifa ya Ulaya yaliyokwisha kugawana ramani hayakutaka dola nyingine ndani ya mipaka yao. Mkataba wa Berlin wa 1885, katika ibara ya 6, uliahidi uhuru wa dhamiri kwa wenyeji na wageni sawasawa katika bonde la Kongo, ambalo kwa tafsiri yake lilihusisha ziwa hili. Ahadi hiyo iliandikwa kwa maslahi ya wakubwa, lakini ilikuwa ya kwanza ya maandishi. Kilichobaki Karema baada ya ndoto kufa ni kazi ya watu kama Adrian Atiman, mtoto wa Afrika Magharibi aliyekombolewa utumwani, akasomea tiba Malta, akafika mwaka 1889 na kuwatibu wagonjwa hadi kifo chake mwaka 1956.

Wajerumani walijenga boma Ujiji mwaka 1896. Serikali yao ilihitaji makarani na maakida waliojua Kiswahili, na wengi wao walikuwa Waislamu. Wamisionari walilalamika kwamba dola inaujenga Uislamu. Reli ilipofika Kigoma mwaka 1914, ilileta wafanyakazi wa kila dini. Chini ya Waingereza, ibara ya 8 ya hati ya udhamini ya 1922 ilirudia ahadi ya uhuru wa kuabudu, lakini ruzuku ya elimu ilikwenda hasa kwenye shule za misheni. Kigoma ikawa vikarieti ya Kikatoliki mwaka 1946 na jimbo mwaka 1953, huku watoto wengi wa Kiislamu wakibaki nje ya madarasa. Usawa katika ibada haukuzaa usawa katika maisha.

Pengo hilo lilirithiwa na taifa jipya la Tanganyika. Hata kabla ya uhuru, mwaka 1959, chama cha Waislamu cha AMNUT kilitaka ucheleweshwe hadi Waislamu wapate elimu. Hakikufanikiwa, lakini malalamiko yake yalikuwa na msingi. Mwaka 1969 serikali ya Mwalimu Nyerere ilizitaifisha shule za misheni. Mwaka mmoja kabla ilikuwa imeipiga marufuku jumuiya ya Waislamu ya EAMWS, na Baraza Kuu la Waislamu, BAKWATA, likaundwa. Serikali iliyosema haina dini ilikuwa imetia mkono ndani ya dini, na jeraha hilo bado linatajwa. Haki za binadamu zilipoingizwa katika Katiba ya Tanzania mwaka 1984, ibara ya 19 ililinda uhuru wa kuamini na hata wa kubadili dini, ikaweka shughuli za jumuiya za dini nje ya mamlaka ya dola. Ibara ya 20 inakataza kusajiliwa kwa chama cha siasa kinachojengwa juu ya dini.

Majirani wa ziwa walipita njia nyingine. Nchini Burundi, serikali ya Bagaza ilifukuza wamisionari na kubana misa hadi ilipopinduliwa Septemba 1987. Nchini Zambia, ambako meli ya Liemba ilitia nanga Mpulungu, Rais Chiluba alitangaza Desemba 1991 kwamba nchi hiyo ni taifa la Kikristo, na tamko likaingia katika Katiba mwaka 1996, sambamba na ahadi ya uhuru wa dhamiri kwa wote. Mmoja alilitisha Kanisa kwa nguvu za dola. Mwingine aliivika dola joho la Kanisa. Kote kuwili mtawala alijipa neno katika jambo lisilo lake.

Leo Kigoma ina misikiti mikongwe ya Ujiji, Kanisa Katoliki, Waanglikana wa Kasulu na Wapentekoste, pamoja na wakimbizi wa kambi ya Nyarugusu wanaosali kwa lugha zao. Mijadala haijaisha: makubaliano ya 1992 kati ya serikali na makanisa kuhusu huduma za jamii bado yanawauma Waislamu wengi, na suala la Mahakama ya Kadhi halijatulia. Mijadala hiyo na iendelee kwa haki. Lakini anayetamani dola ya dini yake, ya msalaba au ya mwezi, ajifunze kwa Mpala na Karema: ufalme ulianguka, waumini wakabaki. Tuilinde ibara ya 19 kwa ajili ya jirani kabla ya kuidai kwa ajili yetu wenyewe.