Kibanja na Wosia: Historia ya Kugawa Mali ya Marehemu katika Buhaya

Katika nchi ya Wahaya, iliyoko magharibi mwa Ziwa Viktoria na ambayo leo imo hasa katika wilaya za Bukoba, Muleba na Missenyi mkoani Kagera, mpango wa mali baada ya kifo haukuanzia kwenye vyombo vya nyumbani bali kwenye kibanja. Kibanja ni shamba la migomba linaloizunguka nyumba, ambalo ndani yake huchanganywa kahawa, maharage na miti ya matunda, na ambalo hutofautishwa na rweya, yaani uwanda wa nyasi ulioko nje ya makazi. Udongo wa rweya ni hafifu, na rutuba ya kibanja haikutokana na bahati ya mahali bali na kazi ya vizazi kadhaa vilivyomwaga samadi ya ng'ombe na kutandaza nyasi chini ya migomba mwaka baada ya mwaka. Kwa hiyo aliyerithi kibanja alirithi jasho la waliomtangulia, na alirithi pia makaburi yao, kwa kuwa marehemu walizikwa humo humo. Hali hiyo ya wafu na migomba kukaa pamoja ndiyo iliyokipa kibanja cha ukoo hadhi ambayo mali nyingine haikuwa nayo, na bila kuizingatia ni vigumu kuelewa kwa nini ugomvi wa mirathi katika Buhaya umekuwa mkali kuliko thamani ya fedha ya kinachogombewa.

Utaratibu wa zamani uliwapanga warithi kwa daraja. Mrithi mkuu aliitwa musika, naye kwa kawaida alikuwa mwana wa kiume wa kwanza. Waliomfuata walijulikana kwa majina ya mainuka na kyagati, na kila mmoja alipata fungu kulingana na nafasi yake. Musika hakupewa tu sehemu kubwa ya migomba, bali alikabidhiwa nafasi ya baba mwenyewe: madeni ya baba, wajibu wa kuwatunza wadogo zake, na sauti katika baraza la ukoo. Vitu ambavyo baba alivitumia mkononi, kama mkuki, kigoda na mundu wa kupogolea migomba, vilikuwa na maana katika mfumo huo kwa sababu vilionyesha nani sasa anasimama mahali pa marehemu, si kwa sababu vilikuwa na bei. Hapa ndipo mila ya Kihaya inapotofautiana na fikra ya siku hizi ya mtu kuketi na kuorodhesha kitu kimoja kimoja na jina la atakayekichukua: mzee wa Kihaya alipanga kwanza mtu, kisha vitu vikamfuata mtu huyo.

Jambo hilo linaonekana kwa ukubwa zaidi katika ikulu za wafalme. Buhaya haikuwa dola moja bali falme kadhaa, zikiwamo Kiziba, Ihangiro, Kianja na Kiamutwara, kila moja ikiwa chini ya Mukama wake aliyeishi katika kikale, yaani boma la kifalme. Katika falme hizi na katika Karagwe jirani, ngoma za kifalme ndizo zilizokuwa alama ya utawala wenyewe, na aliyezishika ndiye aliyetawala. Karagwe ilisifika pia kwa hazina yake ya vitu vya chuma, ikiwa ni pamoja na mikuki na sanamu za ng'ombe, ambayo msafiri wa Kizungu Stanley aliikuta kwa mfalme Rumanyika mwaka 1876. Hazina kama hiyo haikuwa mali ya mfalme kwa maana ambayo shuka lake lilikuwa mali yake, kwani hakuwa na uwezo wa kuigawa kwa wanawe kadiri ya mapenzi. Ilikuwa mali ya cheo. Vyeo vya kichifu vilipofutwa kisheria mwaka 1963, swali ambalo halikuwahi kuulizwa likazaliwa, nalo ni kitu cha urithi kinabaki cha nani pale nafasi iliyokimiliki inapokuwa imekufa kabla ya kitu chenyewe. Swali hilo halikujibiwa na sheria iliyofuta vyeo, na koo za kifalme ziliachwa zijijibie zenyewe.

Wakama walikuwa na urithi mwingine ulioacha alama mbaya zaidi. Nyarubanja ni mfumo ambao Mukama alimpa ndugu au mtumishi wake mpendwa eneo lenye bibanja vya watu wengine, na tangu hapo watu hao wakawa wapangaji wanaotoa sehemu ya mazao na kazi kwa bwana mpya. Aliyekufa akiwa na nyarubanja aliwaachia wanawe ardhi pamoja na watu walioilima, na aliyekufa akiwa mpangaji aliwaachia wanawe upangaji. Mfumo huo ulipata nguvu zaidi pale kahawa ilipogeuka kuwa zao la fedha. Kabla ya hapo, buni za robusta zilikuwa kitu cha kutafuna, cha kumkaribishia mgeni na cha kufungia udugu wa kuchanjana. Katika miaka ya 1920 zilikuwa tayari zinajenga nyumba za bati na kulipa karo. Mti wa kahawa ulikuwa na sifa moja ambayo mgomba haukuwa nayo, kwamba mazao yake yalihesabika kwa shilingi, na kwa hiyo mafungu ya urithi nayo yakaanza kuhesabika. Serikali ya Tanzania iliivunja nyarubanja kwa sheria ya mwaka 1965 iliyowapa wapangaji haki juu ya ardhi waliyoilima, na familia nyingi za mabwana zikajikuta zimepoteza kwa kura ya Bunge kitu ambacho babu zao waliamini wamekwisha kukipanga.

Fedha ilileta pia aina ya ardhi ambayo mila haikuwa imeizoea, nayo ni kibanja cha kununua. Kuanzia miaka ya kati ya vita viwili vya dunia, wanawake wengi wa Kihaya, hasa waliotoka Kiziba, walikwenda Kampala, Nairobi na Mombasa kutafuta maisha, baadhi yao kwa ukahaba, wakarudi na akiba waliyonunulia bibanja kwa majina yao wenyewe. Jamii iliwasema vibaya, na Kanisa nalo liliwasema vibaya, lakini walichokifanya kilikuwa ni mapinduzi ya kimya katika historia ya mirathi: kwa mara ya kwanza kulikuwa na wanawake wa kawaida wenye ardhi isiyokuwa ya ukoo wa baba wala ya ukoo wa mume, ambayo wangeweza kuiachia yeyote waliyempenda. Kuwasahau wanawake hawa, kama maandishi mengi ya kisheria yanavyofanya, ni kuiona historia ya usawa katika Buhaya kana kwamba ilianzia mahakamani.

Wamisionari wa Shirika la White Fathers, waliofika Kashozi mwaka 1892, na Walutheri waliowafuata walileta shule, na shule ikaleta karatasi. Wosia wa kale ulikuwa wa mdomo, ukisemwa na mgonjwa mbele ya watu wazima wa ukoo, na nguvu yake ilitokana na kumbukumbu ya waliousikia. Wosia ulioandikwa ulikuwa na faida ya kutosahaulika na hasara ya kuweza kughushiwa, na mahakama za wenyeji wakati wa Waingereza zililazimika kuamua upi uaminiwe. Mwaka 1945 ulichapishwa mjini London uchunguzi wa sheria za mila za Wahaya ulioandikwa na Hans Cory, mtaalamu wa jamii aliyeajiriwa na serikali ya kikoloni, pamoja na M. M. Hartnoll. Kitabu hicho kilipanga mila kwa aya zenye namba kama vifungu vya sheria, na tangu hapo hakimu wa Bukoba aliweza kutaja namba ya aya pale ambapo mzee wa ukoo angetaja jina la babu. Kilichokuwa mazungumzo kikawa kanuni, na pamoja na faida zake, kanuni hiyo iliigandisha mila katika sura iliyokuwa nayo mwaka ilipoandikwa, kwa jinsi ilivyosimuliwa zaidi na wazee wa kiume.

Urithi wa kazi hiyo ulionekana mwaka 1963, pale serikali ilipotoa tamko la sheria za mila kwa ajili ya jamii zinazofuata ukoo wa baba, ambalo sehemu yake ya urithi na wosia ilichapishwa kama Tangazo la Serikali namba 436. Tamko hilo liliweka madaraja matatu ya warithi: la kwanza la mwana wa kiume mkubwa wa nyumba ya kwanza, la pili la wana wengine wa kiume, na la tatu la mabinti. Kuhusu wosia lilikuwa na uangalifu wa kushangaza. Wosia wa mdomo ulitakiwa kushuhudiwa na watu wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki, na wosia wa maandishi na mashahidi wawili wanaojua kusoma na kuandika iwapo mwenye wosia naye anajua, au wanne iwapo hajui. Mke au wake waliokuwapo nyumbani nao walipaswa kushuhudia. Mzazi aliruhusiwa kumnyima mrithi fungu lake, lakini kwa sababu zilizotajwa tu, kama vile kuzini na mke wa mwenye wosia, kumshambulia au kumdhuru vibaya mwenye wosia au mama mzazi wa mrithi, kutomtunza bila sababu wakati wa njaa au ugonjwa, au kumharibia mali. Mashahidi wa pande mbili, ukoo na watu baki, wanadhihirisha kilichokusudiwa: neno la mtu mmoja lisipite bila ukoo kulisikia, na ukoo nao usilipindue bila watu wa nje kujua.

Tamko hilo hilo ndilo lililoweka kanuni kwamba mjane hana fungu la urithi iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake, kwa hoja kwamba fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama alivyowatunza. Wasomi wa sheria wamekazia ardhi katika kuijadili kanuni hii, na ni kweli kwamba ardhi ndiyo kubwa. Hata hivyo mjane wa kawaida aliguswa kwanza na vitu vidogo zaidi, yaani kitanda, redio, baiskeli, mabati na masufuria, ambavyo shemeji waliweza kuvihamisha siku chache tu baada ya mazishi, kabla hakimu hajasikia lolote. Orodha za Cory na tamko la 1963 zinasema mengi juu ya migomba na machache juu ya jikoni, na ukimya huo uliwagharimu wanawake.

Gharama hiyo ilipanda wakati wa UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata watu walikufa wakiwa na umri ambao mila haikutazamia mtu kuwa na wosia, wakiacha wajane vijana na watoto wasiofikia umri wa kushika kibanja. Mpangilio wa musika ulitegemea mrithi mtu mzima. Alipokuwa mtoto wa miaka sita, mali iliingia mikononi mwa baba wadogo kwa jina la ulezi. Nchi jirani ya Uganda, iliyokumbwa na janga hilo hilo, ilianzisha katika miaka ya 1990 desturi ya vitabu vya kumbukumbu, ambamo mzazi mgonjwa alimwandikia mtoto habari za ukoo wake na za mali aliyostahili kuachiwa. Huo ulikuwa wosia usiopimwa na mahakama, lakini uliomfikia mlengwa.

Kesi iliyoitikisa sheria yenyewe ilitoka Muleba. Katika shauri la Ephrahim dhidi ya Pastory, mwanamke aliyerithi ardhi ya ukoo kwa wosia wa baba yake aliiuza mwezi Agosti 1988 kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo, na mtoto wa ndugu yake akaenda Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha kudai kwamba mauzo hayo ni batili, kwa kuwa mila ilimruhusu mwanamke kuitumia ardhi ya ukoo maisha yake yote bila kuiuza. Mahakama ya Mwanzo ilimkubalia. Mahakama ya Wilaya ikatengua. Na Mahakama Kuu ya Mwanza, kwa hukumu ya Jaji James Mwalusanya ya Februari 1990, iliunga mkono utenguzi huo. Haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba mwaka 1984 na zikaanza kudaiwa mahakamani Machi 1988, miezi mitano tu kabla ya mauzo hayo, na jaji alizitumia kuamua kwamba mwanamke na mwanamume wana haki sawa ya kurithi na kuuza ardhi ya ukoo. Kinachosahaulika mara nyingi ni kwamba hukumu hiyo haikuufuta ukoo: mwanaukoo yeyote aliendelea kuwa na nafasi ya kuikomboa ardhi iliyouzwa kwa mgeni kwa kumrudishia mnunuzi fedha zake, sharti likiwa sasa ni lile lile kwa muuzaji wa kike na wa kiume. Hukumu hiyo pia isingekuwapo bila baba aliyeamua, kinyume na mazoea ya majirani zake, kumwandikia binti yake kibanja.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilibatilisha kanuni za mila zinazowanyima wanawake haki ya ardhi, na tangu mwaka 2006 Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA, hupokea wosia na kuuhifadhi. Hata hivyo njia inayotumika zaidi ni ile ya kikao cha ukoo kinachofanyika baada ya matanga, ambacho muhtasari wake hupelekwa Mahakama ya Mwanzo ili aliyependekezwa athibitishwe kuwa msimamizi wa mirathi. Kikao hicho ni baraza la zamani lililovaa mihuri, na uzito wake unatofautiana na mahali. Vijijini Muleba, ambako kibanja bado ni kibanja, ukoo una la kusema. Katika kata za mji wa Bukoba kama Buhembe, ambako upanuzi wa mji unageuza mashamba kuwa viwanja vilivyopimwa, hati hubeba jina la mtu mmoja, na mnunuzi kutoka mkoa mwingine hana sababu ya kujua nani alikuwa musika. Kinachobaki kuwa kigumu kupimwa ni makaburi. Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969 inatoa utaratibu pale ardhi inapotakiwa kwa manufaa ya umma, lakini katika mauzo ya watu binafsi sehemu ya kaburi hujadiliwa kati ya familia na mnunuzi, na si mara chache familia huuza kibanja chote ikabakiza hatua chache za ardhi zenye makaburi na njia ya kuyafikia.