Kutoka Tumboni hadi Sokoni: Historia ya Maneno ya Kiingereza ya Shibe na Ziada

Ni rahisi kuyafasiri maneno ya Kiingereza 'plethora', 'surfeit' na 'glut' kwa neno moja tu la Kiswahili: wingi. Tafsiri hiyo inaeleweka, lakini inafuta historia. Hoja ya insha hii ni kwamba maneno hayo yalihusu mwili wa mtu, hasa tumbo na damu, kabla hayajahusu bidhaa. Na kwamba yalipohamia sokoni yalibeba dhana ya kitabibu kuwa kilichozidi ni maradhi, na tiba yake ni kukitoa.

Ushahidi wa kale zaidi umo katika neno ambalo leo halionekani kuhusiana na ziada hata kidogo, yaani 'sad'. Katika Kiingereza cha Kale neno hilo, likiandikwa 'sæd', lilimaanisha aliyeshiba. Ni ndugu wa neno la Kijerumani 'satt', lenye maana hiyo hiyo hadi leo, na lina nasaba moja na neno la Kilatini 'satis', yaani ya kutosha. Aliyeshiba huwa mzito, mzito hutulia, aliyetulia huonekana makini, asiyecheka ovyo. Kufikia karne ya 14 neno lilikuwa limekwisha kuchukua pia maana ya mwenye huzuni, na ile ya shibe ikafifia. Msomaji wa Kiswahili hana sababu ya kulishangaa badiliko hili. Kitenzi 'kukinai', chenye asili ya Kiarabu, humaanisha kuridhika, na humaanisha pia kuchukizwa na kitu kwa kukipata kupita kiasi. Kiswahili kimezihifadhi maana zote mbili katika neno moja. Kiingereza kiliibakiza ya pili na kuisahau ya kwanza.

Neno 'plethora' lina asili ya Kigiriki, kutokana na kitenzi cha kujaa. Liliingia katika Kiingereza katika karne ya 16 likiwa istilahi ya tabibu. Kwa mujibu wa mafundisho yaliyorithiwa kutoka kwa Galen, afya ilitegemea mizani ya majimaji manne ya mwili, na 'plethora' ilikuwa hali ya damu kuzidi. Mgonjwa alikuwa na uso mwekundu na mishipa iliyojaa, na tiba ilikuwa kumtoa damu. Si jambo dogo: George Washington alitolewa damu mara kadhaa siku aliyofariki, Desemba 1799. Pierre Louis wa Paris alipochapisha hesabu zake mwaka 1835, zilizotia shaka manufaa ya tiba hiyo, neno lilikuwa tayari limeanza kutumika kwa vitu visivyo na damu. Mwandishi wa leo anayelitumia kusifu wingi wa chaguzi hajui, na wala halazimiki kujua, kwamba anataja ugonjwa.

Kuhusu 'surfeit', lililotoka katika Kifaransa cha Kale likiwa na maana ya kutenda kupita kiasi, mtafiti anapaswa kuwa na tahadhari. Huhusishwa daima na Mfalme Henry wa Kwanza wa Uingereza, aliyefariki Normandy mwaka 1135 baada ya kula lamprei, samaki mwenye umbo kama la mkunga, ambao tabibu wake alimkataza. Lakini Henry wa Huntingdon, mwanahistoria aliyeisimulia habari hiyo, aliandika kwa Kilatini. Neno la Kiingereza lilibandikwa na waandishi wa baadaye.

'Glut' lilitokana na kitenzi cha Kilatini cha kumeza. Hapa uhamaji kuelekea sokoni ulikamilika. Mwaka 1820 Thomas Malthus alitetea hoja kwamba soko zima, si la bidhaa moja tu, laweza kuvimbiwa. David Ricardo aliipinga. Wachumi hao walijadili uzalishaji kwa lugha ya tumbo.

Malthus huyo huyo, katika maandishi yake kuhusu idadi ya watu, aliwaita watu waliozidi riziki iliyopo kwa neno 'redundant'. Asili yake si mwili bali maji: kwa Kilatini ni kufurika, kutokana na neno la wimbi. Hata hivyo mantiki ni ile ile ya tabibu na damu yake. Uingereza ililiweka katika sheria mwaka 1965, ilipotungwa sheria ya malipo kwa wafanyakazi ambao nafasi zao zimeondolewa. Kiswahili husema mfanyakazi 'amepunguzwa kazini', na kiambishi cha kutendwa kinaacha wazi swali la nani aliyempunguza. Neno la Kiingereza haliachi swali hilo. Linamweleza mtu mwenyewe kuwa ndiye ziada.