Tarehe ya Ukandaji wa Siam

Wakandaji wa Thailand, nchi ambayo zamani ikiitwa Siam, wakiulizwa asili ya ilimu yao humtaja Jivaka, tabibu wa Kihindi aliyemtibu Buddha na mfalme Bimbisara wa Magadha. Na hata leo mkandaji aliyelelewa katika adabu ya kazi hiyo, kabla hajaugusa mguu wa mtu, huunganisha viganja kifuani akamkumbuka mwalimu huyo. Kwamba Jivaka alikuwa tabibu, vitabu vya Kibuddha vyasimulia. Ama kwamba ndiye aliyeasisi ukandaji huu, hiyo naihesabu kuwa nasaba ya heshima kuliko kuwa tarehe, kwani kila ufundi hupenda kuwa na babu mtukufu.

Ushahidi wa macho tunaupata Ayutthaya, mji mkuu wa kale. Simon de La Loubère, mjumbe wa mfalme wa Ufaransa aliyefika Siam mwaka 1687, aliandika kwamba mgonjwa wa huko, kabla ya dawa nyingine yoyote, huitiwa mjuzi akampanda mwilini na kumkanyaga kwa miguu. Tena alisikia kuwa waja wazito hukanyagwa na mtoto ili wajifungue kwa wepesi. Msomaji wa pwani, ambaye kwao mzazi hukandwa kwa maji ya moto, huenda akastaajabia miguu ile, lakini madhumuni yake hayatamwia mageni.

Mwaka 1767 majeshi ya Burma yaliuteketeza Ayutthaya, na hati nyingi zikapotea pamoja nao. Hofu ya kupotelewa mara ya pili ndiyo, kwa maoni yangu, inayotufahamisha kazi ya Rama III, aliyetawala tangu 1824 hata 1851: alipolitengeneza upya hekalu la Wat Pho mjini Bangkok, aliamuru ilimu za nchi zichorwe juu ya mawe, na miongoni mwake mna vibao 60 vyenye sura za mwili wa binadamu, mbele na nyuma, pamoja na mistari iitwayo sen na vituo vya kubonyezwa. Akaamuru pia yasubiwe masanamu ya watawa wakijinyosha viungo, ambayo mengi yake hayako tena.

Lakini jiwe, pamoja na uaminifu wake wote, halimwambii mwanafunzi kidole gumba kitue kwa uzito gani, wala lini kiondoke. Hayo hutoka mkononi mwa mwalimu hata mkononi mwa mwanafunzi. Mwenye kukandwa hulala juu ya godoro lililotandikwa chini, amevaa nguo zake pana, bila ya mafuta. Kazi huanzia nyayoni, ikapanda polepole. Mkandaji hatumii nguvu za misuli bali uzito wa mwili wake, akiuegemeza kwa kiganja, kiwiko, goti au wayo, akifuata zile sen kumi ziaminiwazo kuchukua pumzi ya uhai, kisha akaukunja na kuuvuta mwili mzima. Wakandaji wa jumba la mfalme, kinyume cha hao, walitumia mikono tu, kwa kuwa haikujuzu kumkanyaga mtukufu. Aghalabu huongezwa fundo la kitambaa lililojazwa manjano, mchaichai na kafuri, likapashwa kwa mvuke.

Sen zenyewe matabibu wa leo hawazioni wapasuapo mwili, ila wengi hukiri kuwa ukandaji huu hupunguza maumivu ya mgongo na ukakamavu wa viungo, ukamtuliza aliyechoka. Mwaka 1955 ilifunguliwa shule ya tiba za jadi humo humo Wat Pho, na mwaka 2019 UNESCO iliuandika ukandaji wa Kithai katika orodha ya turathi za wanadamu.

Nawe msomaji, ukijaliwa kufika Bangkok, usiende hali umeshiba. Na ukiwa na homa, mimba, mfupa uliovunjika au damu iliyoganda mguuni, mwambie mkandaji kabla hujalala.